Mbele, Nyuma

Mita inasoma elfu kumi na nne, mia mbili na sita.
Torkel aligonga kioo chake kwa ukucha, mara mbili,
kama apimaye tikiti sokoni.
"Halijala barabara hili," akasema. "Tazama klachi."
Nikatazama. Mpira wa kanyagio bado una mistari yake yote.

Volvo ya mwaka sitini na sita, rangi ya ziwa kabla ya mvua,
katika banda la mbao nje ya Östersund,
chini ya mablanketi matatu ya jeshi.
Kutu haikupata pa kutia jino.

Mkono wa kwanza: Folke Wikander, mbadilisha njia wa reli.
Alilipa taslimu, noti zikinuka grisi,
akaliendesha Mei hadi Septemba, basi.
Theluji ikianguka, manispaa humwaga chumvi barabarani,
na Folke aliiogopa chumvi ya gari
kuliko ile ya sahani yake.
Shinikizo la damu likamchukua, Februari themanini na moja,
gari likiwa kavu.

Mkono wa pili, vyeti vinasema, ni Torkel mwenyewe,
mpwa wake, mwaka elfu mbili na tatu.
Nikauliza: na hapo katikati?
"Hapo katikati lilikaa tu.
Mke wa mjomba hakuwa na leseni."

Lilikaa tu.
Nililipa bei ya lilikaa tu, na haikuwa bei ya mchezo.

Fundi Ivar hakuridhika.
Gari lililokaa, alisema, huota vidonda
kama mgonjwa asiyegeuzwa kitandani:
tairi hubonyea upande mmoja, pistoni hung'ang'ania ukuta.
Hili matairi yake ni duara kama sahani.
"Kuna mtu alikuwa akiligeuza," alisema,
akapangusa mikono, akaenda kula.

Nikafungua kitabu cha matengenezo.
Mihuri mitano ya gereji, yote ya Folke.
Halafu, ukurasa wa nyuma, penseli:
vijistari, vimefungwa tano tano kama kuni,
ukurasa baada ya ukurasa,
hadi ndani ya jalada.

Nikampigia Torkel. Alinyamaza kwanza.
"Jumamosi," akasema. "Baada ya kahawa.
Sigbritt alivaa viatu vya kutokea, akajifunga kitambaa,
akaliwasha, akalisogeza mpaka mlangoni,
mita mbili hivi. Kisha akalirudisha."
"Mlango ulikuwa wazi?"
"Wazi, ndiyo. Kwa ajili ya moshi."

Kwa ajili ya moshi.

Mita za zamani zina adabu yao:
ukirudi nyuma, nazo hurudi.
Alichokiandika mbele alikifuta nyuma,
miaka ishirini na miwili,
na tarakimu zikabaki zilipoachwa na mumewe,
safi, kama hakuna aliyezigusa.

Nilihesabu vijistari usiku, nikakosea, nikaanza upya.
Elfu moja mia moja arobaini na vinne.
Mara mita mbili: kilomita mbili na ushei.
Nikachukua ramani, sijui kwa nini,
nikapima kutoka lile banda.
Ushei na yote, inafika njia panda,
kushoto mjini,
kulia Norwei.

Wajuzi wa magari haya wamenionya:
usiongeze hata kilomita,
kila moja inakula thamani.
Nimewasikia. Nimelijengea banda lenye kipimajoto.

Leo ni Jumamosi. Kahawa nimekunywa.
Injini ilikohoa mara moja, ikatulia.
Gea ya kwanza, pole pole, mita ya kwanza, ya pili,
pua ya gari kizingitini,
na nje ni Aprili, chumvi ya mwisho bado inameta lamini.

Mkono wangu unajua rivasi ilipo.
Haukwenda huko.